Uzi wa Kwenda Kondoa

Asubuhi waliyomchukua Mwalimu Elieza, yai lilikuwa linaelea.

Lilikuwa yai la kuku wa Anyesi, mkewe, na lilielea katika chungu kidogo cha maji yaliyokorogwa chumvi ya mbugani, ile inayochujwa kwenye udongo. Pembeni palikuwa na chungu cha pili chenye maji matupu, na yai la pili limelala chini kama jiwe. Watoto wa kijiji cha Mtumba walikuwa wamechuchumaa kuvizunguka vyungu hivyo, chini ya paa la nyasi ambalo Jumapili lilikuwa kanisa na siku nyingine lilikuwa shule. Vifaa vya kufundishia Mwalimu alivichukua jikoni. Anyesi alikuwa ameshazoea kuutafuta upawa wake asiuone, akajua uko shuleni na umetumbukizwa kwenye kitu.

"Yai ni lile lile," Mwalimu alisema. "Nani analibeba?"

"Chumvi," akajibu Ruthu, binti wa jirani, mtoto asiyenyamaza.

"Chumvi unaiona?"

"Siioni. Nimeionja."

"Nani kakutuma kuonja somo?"

Watoto wakacheka. Hata Anyesi akacheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na nguzo, anasokota uzi wa magome ya mbuyu juu ya paja lake, kama mama yake alivyomfundisha, kwa sababu somo lililofuata lilikuwa la vibuyu.

Mwalimu alikuwa amekata vibuyu viwili vidogo, akaviwamba ngozi ya mbuzi upande mmoja, akapitisha uzi katikati ya ngozi na kuufunga kwa kijiti. Kibuyu kimoja akampa Ruthu aweke sikioni. Cha pili akakishika mwenyewe, akaanza kurudi nyumanyuma kuelekea njiani ili uzi ukaze.

"Mnanisikia?" akanong'ona kule mbali.

"Tunakusikia, Mwalimu," Ruthu akajibu, naye anapiga kelele kana kwamba kibuyu hakipo.

Hapo ndipo akida alipofika na askari wake. Ulikuwa wakati ule Wadachi wanapigana na Waingereza, na mizigo ya vita ilikuwa mingi kuliko vichwa. Askari wakamkuta mwanamume mzima amesimama njiani bila mzigo. Elieza akawaambia yeye ni mwalimu. Wakamuuliza anafundisha nini, akawaonyesha kibuyu. Wakamtia kamba shingoni pamoja na wenzake waliokusanywa vijiji vya nyuma.

Akida hakuwa mtu mkali. Alikuwa na kanzu safi na sauti ya kubembeleza. "Msilie, kina mama," alisema. "Ni mzigo wa kufika Kondoa tu. Chakula kipo, nguo zipo. Uwele ukitoa masuke mtawaona hapa."

Elieza akaondoka na kibuyu kikining'inia kifuani, na uzi ukamfuata. Anyesi alikuwa amesokota uzi wa kutosha kufika zizini. Uzi ukapita zizi, ukapita kisima, ukaenda zake. Aliutazama unavyoteleza kwenye vumbi bila kuisha, kisha akarudi kwenye kigoda akasokota mwingine kidogo, usije ukapungua.

Uzi ule ulivuka reli, na gari la moshi likapita juu yake bila kuukata. Wanawake wa Kikuyu, kijiji cha ng'ambo ya reli, wakaona umepita karibu na nyumba zao, wakauanikia nguo. Ng'ombe wakajifunza kuuruka.

Jioni yake kibuyu kilichobaki kikasema, "Mbukwenyi."

Anyesi akaitikia salamu, akamuuliza mumewe kama amekula. Elieza akasema bado. Akauliza kama watoto wamelitoa yai kwenye chumvi, maana yai si la kuharibu.

Tangu hapo masomo yakaendelea. Watoto walikuja asubuhi, Ruthu akakishika kibuyu na kupaza maneno kwa wenzake, na Mwalimu akafundisha huku anatembea. Aliwaambia wajaze kikombe cha bati maji mpaka mdomoni, wafunike kwa jani la mbono, wakipindue juu chini, kisha waondoe mkono. Maji hayakumwagika.

"Hewa inalisukuma jani kutoka chini," kibuyu kikasema. "Haionekani, lakini inabeba."

Nyuma ya sauti yake zilisikika nyayo nyingi, na kukohoa, na kiboko cha mnyapara. Watoto walijifunza kusubiri kiboko kipite ndipo waulize swali.

Wakati mwingine alizungumza mtu mwingine, Mbwana, mwenyeji wa Kondoa, aliyefungwa kamba moja na Elieza. Huyo alikuwa na maneno.

"Mama Methusela," alisema, "mumeo huyu atatuua kwa elimu. Jana kanieleza kwa nini maji yanachemka, na maji yenyewe hatuna."

"Na nyie chakula mnapewa?" Anyesi akauliza.

"Tunapewa uwele mbichi, wa kujaza kiganja. Siku nyingine tunapewa kiganja."

Siku nyingine akasema, bila mzaha safari hii, "Leo tumepita Kondoa. Nimepita mlangoni kwa mama yangu, ameniona. Hatukuruhusiwa kutua."

Anyesi akakaa na neno hilo. Kule shambani uwele ulikuwa umefika magotini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Methusela, na msimu ule Methusela alirefuka vibaya. Kila asubuhi Anyesi alimtazama akiinama kupita mlangoni, akatamani mlango ungekuwa mrefu zaidi ili asione ameinama kiasi gani.

Uwele ulipofika kifuani Elieza alisema, kwa sauti yake ya siku zote, "Mama Methusela, nimekufa. Ilikuwa mchana, kwenye mteremko."

Anyesi akakishika kibuyu kwa mikono miwili. "Ulisali?"

"Nilisali."

"Unaumwa?"

"Shingo tu. Mzigo bado ninao."

"Bado unao vipi?"

"Hakuna aliyetuambia tutue. Mbwana alitangulia kufa juzi, naye yuko hapa mbele yangu anabeba. Wengi wetu tuko hivyo."

Anyesi akapiga magoti, akasali Baba Yetu mpaka mwisho. Kutoka kibuyuni sauti ya mumewe ikaitikia amina, na nyuma yake zikaitikia sauti nyingine nyingi, za watu wa dini hii na ile. Kisha Elieza akauliza kama watoto wapo.

Likaja suala la msiba. Kwa desturi, mjane hunyolewa nywele, na watu hukaa nyumbani kwake. Anyesi akamwendea Mzee Bartolomayo, mzee wa kanisa, akamweleza. Bartolomayo akaja, akaweka kibuyu sikioni, akasalimiana na Elieza, wakaulizana habari za mvua.

"Huyu hatuwezi kumwekea matanga," alisema mwishowe. "Anaitikia salamu. Nikimwombea apumzike kwa amani, atasikia, naye hapumziki. Utakuwa uongo kanisani."

"Basi mimi ni mke au ni mjane?"

Mzee akafikiri. "Nyoa nusu," akasema. Akaona haya kwa alichosema, akaondoka. Anyesi hakunyoa. Alijifunga kitambaa kichwani, akakikaza.

Masuke yakatoka. Akida naye akaja, kanzu ile ile, kutafuta watu. Wanaume wa kwanza hakurudi hata mmoja, na safari hii waliobaki Mtumba walikuwa wazee na vijana walioanza kubalehe. Methusela alikuwa mrefu kupita wote, hakuwa na pa kujificha. Askari akamtoa mstarini na kumshika bega, kama mtu anayechagua mti wa kujengea.

Anyesi alikuwa amejiandaa. Alitoa kibuyu ndani ya kaniki yake, akakipeleka mpaka mbele ya akida. Nyuma yake uzi ulikuwa umenyooka kuelekea kaskazini.

"Shikamoo, Bwana Akida. Naomba usikilize. Ukishasikiliza, ndipo umchukue mwanangu kama utaweza."

Akida akakichukua kibuyu, akakiweka sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alikuwa msikilizaji mzuri. Akauliza ndani ya kibuyu, "Mko wapi?" Akajibiwa. "Mmekufa wangapi?" Akajibiwa. Akaguna kidogo. Akauliza tena, "Na mizigo mmetua?" Akajibiwa.

Akamrudishia Anyesi kibuyu, akapangusa sikio kwa pindo la kanzu.

"Sasa, mama, malalamiko yako ni nini?"

"Amekufa, Bwana."

"Nimesikia. Mzigo je?"

"Anao."

"Unakwenda?"

"Unakwenda."

"Wala hali chakula," alisema akida, na ilikuwa dhahiri jambo lile alilifikiria kwa mara ya kwanza, nalo lilimpendeza. "Wala haugui, wala hatoroki. Mama, wewe umekuja kuwasema vibaya, na mimi naona hao ndio wapagazi bora niliowahi kuwapata."

"Ulisema ni Kondoa tu."

"Na Kondoa walifika. Nilikudanganya?"

Kweli walifika. Askari wakamtia Methusela kamba shingoni. Alikuwa mtoto mwenye adabu, akainama ili wasihangaike.

Kibuyu kikaita mkononi mwa Anyesi. "Wamemchukua?"

"Wanamfunga."

Elieza akasema, "Mpe kibuyu. Kilichokauka, kibichi hakisikiki. Na ngozi iwambwe ikiwa na unyevu."

Anyesi akaenda jikoni. Kwenye moshi juu ya mafiga vilikuwa vimening'inia vibuyu kadhaa, vimekauka, ngozi zimeshawambwa, nyuzi zimeshafungwa. Hakukumbuka lini alivitengeneza, lakini kazi ilikuwa ya mkono wake. Alipotoka na kimoja aliwakuta wanawake wengine wa Mtumba wanatoka milangoni mwao, kila mmoja na chake, wanawavalisha wana wao shingoni, juu ya kamba.

Msimu uliofuata Mtumba walipanda vibuyu mahali pengi palipokuwa pa uwele. Nyuzi zilitoka kijijini kwenda kaskazini zimelala pamoja, na mbuzi walinyanyua miguu walipofika hapo. Mwezi haukupita bila akida kuja, na sasa aliwaambia askari wasiwapige wanawake wanaosokota uzi, kwa sababu kazi yao ina manufaa.

Anyesi alikuwa na vibuyu viwili, kimoja kila upande wa kigoda. Cha Methusela bado kiliuliza habari za chakula, na kwa hilo alimshukuru Mungu kila jioni. Siku kitakapoacha kuuliza, atajua.

Shule iliendelea. Asubuhi moja watoto walikuwa wamerudia somo la yai, wakiongeza chumvi kidogo kidogo ili waone linaanza kunyanyuka wapi. Yai likainuka, likasimama katikati ya maji, halipandi wala halishuki. Ruthu alilitazama sana. Kisha akakivuta kibuyu cha Mwalimu mdomoni.

"Mwalimu, huko mlipo, mkiitua hiyo mizigo itakuwaje?"

Zilisikika nyayo, na kukohoa kwa wale ambao walikuwa bado wanakohoa. Anyesi aliacha kusokota.

"Hilo," Mwalimu Elieza alisema, "hatujalijaribu."

Kiboko kikalia kule. Watoto wakasubiri kipite, kama walivyozoea, kisha Ruthu akachota chumvi nyingine kwa upawa, na somo likaendelea.