Ishirini na Mbili kwa Penseli

Bibi Thuận aliporudi mara ya tatu na ile amplifaya yake, nilitamani kuingia chini ya meza. Soko zima la vifaa vya umeme la Nhật Tảo linajua mimi sirudishiwi kazi. Huyu bibi wa miaka sabini na sita kanirudishia mara mbili, na neno lake ni lilelile: sauti ni nzuri, lakini si ya nyumbani kwake.

Aliiunda marehemu mumewe, mzee Quới, fundi redio wa melini. Ni amplifaya ya taa, zile za kioo ambazo sharti zipate moto kwanza ndipo ziimbe. Kila taa hunywa umeme hata muziki ukiwa kimya, na kiasi chake hupangwa kwa skrubu ndogo. Ukizidisha, sauti inanona lakini taa inakufa mapema. Ukipunguza, taa inaishi, sauti inakonda. Mimi niliweka miliampea arobaini, kama kitabu kinavyosema. Sasa mtu anataka nini zaidi ya kitabu?

Nikamwambia, na najuta mpaka leo, kwamba labda masikio yake ndiyo yaliyochakaa. Alikoroga kahawa yake ya barafu huku akizitazama zile taa, machozi yakimlengalenga. Nikaona haya. Nikaipindua amplifaya, nikafungua bati la chini, ambalo mara zote mbili nililiweka kando bila kulitazama, maana ujuaji nao ni ugonjwa. Kwa ndani paliandikwa kwa penseli: ishirini na mbili, usiguse.

Nikacheka moyoni, mzee kakosea hesabu. Hata hivyo nilizungusha skrubu mpaka mita ikasoma ishirini na mbili, tukangoja nusu saa taa zipate moto sawasawa, nikaweka kanda ya muziki aliyokuja nayo. Sauti ikatoka nyembamba, kavu kidogo. Bibi Thuận akashika ukingo wa meza.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye mzee wangu."

Nikamuuliza kwa nini mzee alizinyima taa umeme namna ile. Akasema zilikuwa mbili tu, na siku zile ukiunguza moja hupati nyingine. Mzee aliapa kwamba taa hizo ndizo zitakazomzika mkewe, asije akabaki peke yake kwenye nyumba iliyo kimya. Nikampigia hesabu: kwa kipimo hicho zina miaka kumi na mitano mbele yao. Ila kama anapenda, nitamwongezea kidogo tu, sauti inone.

Akatikisa kichwa.

"Acha hivyohivyo, mwanangu. Alipokuwa baharini nilimsubiri miaka tisa arudi. Sasa kanisubirisha tena, hata kumfuata kaburini hataki nifanye haraka."

Akafuta macho kwa kiganja, akaniomba nirudishe kanda mwanzo.