Shemeji Kwenye Mlango wa Pili

Shangazi akishasema amesema. Kabla duka lake la dawa halijafungwa kwa chakula cha mchana, shemeji yake Chiriku ajaribu kuingia kwenye seva. Akiingia, kazi ya kuitunza anachukua yeye. Asipoingia, kazi ni ya Chiriku, na Chiriku anaagana na kaunta na dawa zake za kikohozi.

Chiriku, binti wa kaka yake shangazi, aliyepewa jina hilo kwa kuongea bila nukta, hata chai haikumshuka. Alikaa juu ya katoni za pamba, simu mkononi. Seva yenyewe ni kasha jeusi lililoko stoo, limebeba habari za dawa na wagonjwa wa maduka yote ya shangazi. Ila ukurasa wa kuisimamia unafunguka hata kwenye simu, na ukishaingia humo, seva ni yako: unaizima, unaiwasha, unafuta unachotaka.

Asubuhi nzima alikuwa akiuziba ukurasa huo. Programu akaisasisha. Akauhamisha kutoka namba ya mlango ambayo kila mwizi wa mtandaoni anaijua kama kwao. Akaongeza namba sita zinazobadilikabadilika kwenye simu yake, ambazo lazima uziandike baada ya neno la siri. Mzuka ukampanda, akaongeza na kubwa lao: seva isipokee anwani yoyote ya mtandao isipokuwa ya simu yake tu.

Shemeji, mume wa dada yake na fundi kompyuta mwenye maringo, akaingia anachekacheka.

"Shem, umeshaaga kaunta? Usiiage vibaya, utairudia."

"Kaa ujaribu, shem. Kiti hicho hapo. Ukilia, tishu ziko rafu ya juu."

Akafungua laptop yake, akajaribu. Ukurasa mweupe. Akajaribu tena, mweupe pee. Kicheko kikaanza kumkauka.

"Haya mwanangu," shangazi akasema, "fungua wewe nione."

Chiriku akabonyeza kwa madaha. Mweupe.

Simu ilikuwa imeishiwa chaji ikazimika muda si mrefu, akaiwasha upya, na ikiwashwa upya mtandao wa simu huipa anwani nyingine. Seva haimjui tena. Amejifungia nje mwenyewe.

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. "Shangazi, mwizi haingii, na mwenye nyumba haingii. Ulinzi wa kutisha huu."

"Naomba ufunguo wa stoo," Chiriku akasema.

Shangazi akauvua shingoni, akampa, wakaenda wote wawili. Stoo kuna kibodi na skrini zilizochomekwa kwenye seva yenyewe, huko hakuna cha anwani. Chiriku akaandika mbio mbio, akafuta ile amri yake, akaruhusu mtandao wa duka zima. Akashusha pumzi.

Halafu akakumbuka. Laptop ya shemeji nayo iko kwenye wifi ya duka.

"Ukurasa umefunguka," sauti ikatoka kaunta. Kibodi ikalia taratibu, kama mtu anayepapasa gizani. "Na neno la siri limekubali. Shem, kweli? Neno lile lile la wifi ya nyumbani kwenu?"

Chiriku akataka ardhi impokee. Kila Jumapili shemeji anakaa kochini kwao na wifi hiyo hiyo. Shangazi akamgeukia, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Shem," sauti ikarudi, imepoa. "Hii kitu inataka namba sita."

Chiriku akagusa mfuko wa sketi. Simu ilikuwemo, ya moto.

"Ninazo huku, shem. Bahatisha."

Akabahatisha. Akabahatisha tena. Mara ya tatu seva ikamfungia kabisa, na Chiriku aliyaona yote kwenye skrini ya stoo, akaruka mpaka katoni zikatikisika.

"Badilisha hilo neno sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa," shangazi akasema. "Kisha unifundishe na mimi kuingia, usije ukaumwa tukabaki tunatazamana." Ufunguo wa stoo hakuudai. Akauacha mkononi mwa Chiriku, akaufumba mkono huo kwa vidole vyake.

Walipotoka, mteja alikuwa amesimama mbele ya shemeji, anakohoa.

"Mhudumie huyo, shem," Chiriku akasema. "Chupa ziko kushoto kwako."