Mzigo Usipite Mabega

Futi ya kupimia ya Avni ilipita urefu wa sutikesi kubwa, ikapita upana, ikashuka kina chake, magurudumu na mpini vikiwamo. Jumla, sentimita mia moja tisini na mbili. Ndiyo hesabu niliyokuwa nimeipata mwenyewe, nami nikaitikia kwa kichwa kama anayesahihisha daftari safi.

Nilikuwa nimeingia katika duka la baba yake, hapa Nyeri, kununua kufuli tu ya sutikesi hiyo niliyokuja nayo. Kesho yake dada yangu Beth angesafiri na mwanawe mchanga kwenda Kanada, kuanza kazi ya uuguzi. Tiketi iliwaruhusu sutikesi tatu, na kikomo kilikuwa sentimita mia moja hamsini na nane. Mbili zilikuwa ndogo, mia moja arubaini na moja kila moja. Nikajumlisha zote, nikagawanya kwa tatu: mia moja hamsini na nane kamili.

Katika shule ya bweni iliyonilea, ukaguzi wa Jumamosi ulipima bweni zima. Kitanda kimoja kikilegea, vingine vilikisitiri. Nilikuwa kiranja miaka miwili na bweni langu halikushindwa hata mara moja.

"Hazisaidiani, Mwalimu," Avni alisema kwa upole. "Kila moja inapimwa peke yake. Hii kubwa wataikataa."

Aliniuzia nyingine ya kitambaa, ya mia moja hamsini na sita, akinionya kwamba ikifura, kipimo nacho kitafura.

Nyumbani nilitangaza badiliko hilo kwa sauti ya gwaride. Neno "nimekosea" halikunitoka. Beth alianza kutenga vitu vya kubaki: blanketi moja, kisha buti zake, kisha akashika koti zito la mtoto, akashindwa kuliweka upande wowote.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Kwa miaka hamsini alibeba kuni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, na ndege aliijua angani tu. Akaniuliza mzigo usizidi wapi. Nikamwonyesha kwa mikono.

"Kuni zikipita mabega zinanaswa na ua wa njiani," alisema. "Kwani hiyo shule yako ilikufundisha nini?"

Akamwaga sutikesi zote sakafuni. Mablanketi aliyakunja mara tatu, akayakamua kwa goti hadi pumzi yote ikatoka. Buti zikajazwa soksi. Vitu vigumu akavilaza katikati, laini pembeni, na kila alipofikia ukingo alisimama, akaupima kwa shubiri, akaendelea bila haraka. Hakuna alichouliza. Nilikuwa nimeona maprofesa ubaoni, lakini sikuwahi kuona akili ikifanya kazi waziwazi namna ile. Koti la mtoto likaingia mwisho, limekunjwa dogo kama mkate.

Nikaipima ile ya kitambaa. Nikapima tena, kwa kuwa sikuiamini futi.

"Ngapi?" akauliza.

"Mia moja hamsini na saba, Mama." Kisha, nikiwa bado nimeinama: "Mimi ndiye niliyekosea hesabu."

Mama akaishika zipu. "Na mwisho ni hamsini na nane?"

"Ndiyo."

"Basi nafasi iko." Akafungua zipu, akasokomeza shuka aliyokuwa amejifunga, akaushusha mfuniko. "Wahome, njoo ukae hapa juu."

Nikakaa.