Orodha ya Refektuari

Lava ya volkano ilipopita juu ya koleji ya mapadri, Januari ya mwaka 2002, haikuacha karatasi hata moja. Ofisi iliungua, na makabati, na madaftari yote ya pointi za mitihani tangu koleji ifunguliwe. Kilichobaki ni ukuta mmoja wa kapela na Mama Mukabalisa, aliyekuwa amewapikia vijana wa pale miaka kumi na saba.

Masomo yalianza tena mtaa wa Keshero, chini ya shitingi za bluu, yale maturubai ya msaada. Mwezi wa tatu Inspection, ofisi ya ukaguzi wa shule, ikadai orodha ya vijana wa mwaka wa sita, kila mmoja na nafasi yake darasani. Asiyekuwemo hatafanya egzame ya Leta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza shule, mwaka huo. Padri Édouard, ndiye prefe, mkuu wa shule, akakaa mbele ya mashine ya kuandika ya kuazima, hajui aanze na nani. Nusu ya walimu walikuwa bado Gisenyi na Bukavu walikokimbilia, na vijana wengi hawajarudi.

"Mimi nawajua wote, Padri, na nafasi zao," Mukabalisa akamwambia huku anamenya vitunguu. "Andika."

Alisema kweli. Pale refektuari, ukumbi wa kulia wa koleji, vijana hawakukaa mezani ovyo. Pointi zikisomwa, kila mmoja alibeba sahani yake akahama: wa kwanza karibu na mlango wa jikoni, wa mwisho kule mbali, ambako bugali ilifika imepoa. Vita ya 1996, askari walichoma meza zote wapate kupikia. Vijana wakala chini kwenye simenti, kwa mpango uleule. Vita ya 1998, meza mpya zimekwisha kuchongwa, walirudi nusu yao, na mpango ukabaki. Mukabalisa alisoma hadi darasa la nne tu, kwao Rutshuru, lakini mkononi mwake upawa ulijua nani amepanda na nani ameshuka. "Habumugisha," angesema, "ukishuka tena nitakugawia barabarani."

Basi alifumba macho akapita meza kwa meza, Padri akigonga mashine. Majina thelathini na moja. Mukabalisa akatembea na kiburi chake siku mbili nzima.

Siku ya tatu, asubuhi ambayo orodha ingepelekwa, akaja Fatouma, mke wa Alimasi dereva wa lori. Alisimama mbele ya karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, akaisoma na kidole.

"Mama Mukabalisa, mutoto wangu Nuhu hayuko."

"Hayuko wapi?"

"Hapa. Nimesoma kutoka juu, nimesoma kutoka chini. Eko Kindu na baba yake, tangu moto ulikula nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo. Anarudi mwezi wa tano kwa egzame. Sasa atarudilia nini?"

Mukabalisa alimjua Nuhu vizuri kabisa: shingo ndefu, kicheko kama mtu anayepiga chafya, visamaki vya sambaza hali mpaka avitoe vichwa. Imekuwaje basi amsahau? Jambo lilimwasha kuliko lilivyomtia haya. Akaepua sufuria, akachuchumaa, akachora meza sita za darasa lile kwa kipande cha makaa, akaanza kunong'ona majina huku mkono unatembea.

"Unaongea na nani?" Fatouma akauliza.

"Nawagawia chakula. Nyamaza kidogo." Mkono ukasimama kwenye meza ya nne. "Meza ya ine niligawa sahani tano. Meza zote zilikuwa za watu sita, isipokuwa ile ya mwisho ya wawili. Mwaka jana mulianza kufunga lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, katikati."

"Ndiyo hiyo."

Pointi za mwisho zilisomwa juma lilelile. Wenzake walihama na sahani zao. Nuhu, Mwislamu peke yake darasani, alikuwa amefunga, naye akaletewa chakula chake jikoni jua likizama. Saumu ilipokwisha, akaona jikoni kuna joto, akabaki huko hata baada ya Noeli.

"Kwa hiyo umeandika waliokula mezani tu," Fatouma akasema. "Aliyemuogopa Mungu ukamuacha."

"Sema tu, mama. Ni haki yako."

Walimkuta Padri anapiga muhuri nakala ya kupeleka Inspection. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Uliniambia ni wote."

"Nilikosea, Padri."

"Inspection inafunga saa sita." Akageuza karatasi kutazama nafasi iliyobaki chini. "Nitamuongeza hapa, wa thelathini na mbili."

Fatouma akaitikia haraka, "Hapo ni vizuri, Padri. Asante sana."

"Si vizuri," Mukabalisa akasema. "Wa mwisho ni Habumugisha, na yeye mwenyewe anajua. Pale meza ya ine, kati ya Bulonza na Ndagijimana, waliweka jagi la maji. Bulonza ni wa makumi mbili. Pale penye jagi ni pa Nuhu."

"Basi kuanzia Ndagijimana wote wanashuka nafasi moja. Watu kumi na mmoja, Mama. Ni kuandika upya."

"Ndiyo, Padri."

Padri alimtazama, akatazama saa ya mkononi, kisha akachana ile yenye muhuri vipande vinne. Akaingiza karatasi nyeupe.

"Soma polepole," akasema. Alipomaliza jina la Bulonza, akamgeukia Fatouma amtajie mwenyewe linalofuata.

"Nuhu Alimasi," Fatouma akasema, akainama juu ya mashine, akihesabu herufi zikipigwa moja moja.