Bampa ya Mzee Andati

Jumanne saa nne asubuhi, Mwalimu Muhonja alifikisha pikapu ya marehemu babake kwenye gereji ya Onesmus pale Lurambi. Bampa ya mbele ilikuwa imelegea upande wa kushoto hadi ikawa inakwaruza kila tuta. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

Onesmus alilala chini ya gari, akazikagua bolti, akatoka akijifuta mikono kwa tambara.

"Mwalimu, usinilaumu. Bolti ni nzima. Hii bampa imekaliwa."

"Na nani?"

"Si huyo mzee."

Muhonja alizunguka mbele. Babake, Mzee Andati, aliyezikwa miaka sita iliyopita, alikuwa ameketi upande wa kushoto wa bampa, kofia magotini, akimenya muwa. Kutoka kiti cha dereva, boneti ilikuwa imemficha.

"Mulembe, baba."

"Mulembe, mama. Unaendesha kama umeiba gari. Vumbi lote linaniishia mimi."

Hapo ndipo alipokuwa akikaa zamani. Msimu wa miwa, mzee alilifuata kwa pikapu hiyo trekta lililobeba miwa yake hadi kiwandani, na foleni ikichukua kutwa nzima, walikaa kwenye bampa hiyo, yeye kushoto, Muhonja wa darasa la pili kulia, injini ikiwapasha migongo joto. Alimkatia muwa vipande vidogo vya kumtosha mdomo. Walishindana kutema makapi. Jioni walirudi nyumbani Malava vidole vikinata, naye Muhonja hakutaka kunawa.

"Baba, si wewe hukaa kwa kaburi?"

"Nilikuwa nakaa. Wakalilima. Trekta lilienda, likarudi. Sasa ni miwa tupu, na mizizi ya miwa haimwachii mtu nafasi ya kugeuka."

Muhonja alimpigia simu kakake, Eugene, aliyeliuza shamba hilo mwezi wa tatu bila kumwambia mtu.

"Sista, mimi niliuza shamba, sikuuza mzee," Eugene alisema. "Lakini hati imeandikwa ekari mbili. Haijaandikwa kaburi. Mwambie arudi tu."

"Arudi wapi?"

Eugene akasema anaingia mkutanoni.

Muhonja aliiweka simu mfukoni. Yeye alikuwa amepanga nyumba mjini, na uwanja wake wote ulikuwa simiti.

"Sina mahali pa kukulaza, baba."

"Nimekuomba mahali? Hapa panatosha. Ila panainama."

Onesmus, aliyekuwa akisubiri kwa adabu, akasogea. "Mzee, ulikuwa kilo ngapi?"

"Sabini na nane. Kufa hakujanipunguza."

"Basi hii si kazi ya bolti."

Alikata vipande viwili vya chuma kizito cha trela, akavichomelea kwenye chesisi, akamwomba mzee afumbe macho kwa sababu ya cheche. Kisha akaishusha jeki. Bampa ilikaa sawa. Ili kuijaribu, Muhonja aliketi upande wa kulia. Injini ilikuwa bado na joto. Mzee akamkatia kipande cha muwa, kidogo mno kwa mdomo wa mtu mzima, naye akakila.

Tangu hapo wanaenda Malava kila Jumamosi. Muhonja anaegesha kwenye njia ya kuingilia shambani, na babake anatazama ilipokuwa nyumba, ulipokuwa mparachichi, lilipokuwa zizi. 

Jumamosi iliyopita, trekta lilikuja nyuma yao na mbolea. Dereva, kijana mmoja aitwaye Bravin, akawaomba wampishe. Muhonja alisogeza gari pembeni. Mzee aliinua miguu isikwame kwenye mtaro, akampungia Bravin mkono.

"Habari ya kazi, kijana?"

"Nzuri, mzee. Asante kwa kunipisha."

Trekta likaingia shambani, likafuata mstari wa nne, lilipokuwa kaburi, likapita juu ya kichwa cha mzee.