Kisigino cha Mwalimu

Fundi viatu alikuwa ameiua kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, na jamani, hakuwa na wa kumsingizia.

Ile kuukuu ilipokufa alinunua mpya yenye mfumo wa Linux, akaihamishia kutoka diski ya ile ya zamani programu ya kuchorea viatu aliyoitumia marehemu mkewe miaka kumi na saba. Ikagoma katakata. Ilidai faili saidizi la zamani, na mfumo mpya ulikuwa na la kisasa tu. Fundi akafanya kama anavyofanya na soli: akabandua jipya, akabandika la zamani. Kompyuta nzima ikazima, haikuwaka tena.

Na humo ndimo ulimokuwa mchoro wa Mwalimu, mteja wao mwenye mguu mmoja mfupi. Viatu vyake vilishakwisha, sasa alikwenda darasani kwa magongo. Marehemu alijaribu mara saba kuupata mchoro ule, na vipimo hakuvijua mwingine.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi kompyuta, akaja na kibegi chake.

"Shemeji! Umebandua soli mtu akiwa anatembea?"

"Cheka tu. Nimekoma."

Aliiamsha kompyuta kwa flashi, akarudisha faili jipya mahali pake. Kisha akatengeneza kabrasha dogo kando ya programu, akaliweka lile la zamani humo, akaandika mstari mmoja wa amri: programu hii, na hii peke yake, itazame humu kwanza. Fundi alimkodolea macho. Kazi safi anaijua akiiona. Mikono ile haikuwa na papara, wala haikulazimisha kitu. Alimvulia kofia.

"Kumbe jipya hukuliondoa?"

"Niliondoe kwa nini? Kila mguu na kiatu chake. Au nakufundisha kazi?"

Programu ikafunguka na vitufe vyake vya kijivu. Mchoro wa Mwalimu huo hapo, na chini yake marehemu alikuwa ameandika: "Jaribio la saba. Limekaa sawasawa. Mume wangu, najua utataka kupunguza kisigino. Usikiguse."

Mezani palikuwa na kisigino alichokikisia fundi wiki nzima bila mchoro. Akakipima. Kilikuwa kifupi kwa nusu sentimita.

Shemeji alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi ya kweli.

"Nimesikia, mke wangu," fundi akaiambia skrini, akavuta kipande kipya cha mpira.