Dirisha Nyuma ya Mabango

Kila Jumamosi Mwalimu Wamaitha, mstaafu aliyeishi mtaa wa Section 58, aliingia hotelini kwa Nangila, akanunua mandazi sita, akatoka mbio kama aliyeacha sufuria motoni. Siku hiyo Nangila alimzuia mlangoni.

"Mwalimu, kwani chai yangu ni mbaya?"

"Chai ni tamu. Ni hii barabara yenu, mama. Nikikaa hapa kichwa kinaniuma. Umewahi kuvuka ng'ambo ukaiangalia?"

Hakuwa amewahi. Miaka tisa alikuwa akifika alfajiri na kuangalia kufuli tu. Wakavuka pamoja, Nangila na aproni yake, wakageuka.

Lo! Ghorofa yenye hoteli yake ilikuwa imezikwa chini ya mabango. Bango la wakili lilikuwa juu ya bango la daktari wa meno aliyehama zamani. Nyaya zilining'inia kama tambi. Mtaro ulijaa maganda ya miwa. Bodaboda zilikuwa zimepanda njia ya miguu, watu wakitembea katikati ya magari. Spika za Odongo, muuza simu wa jirani, zilishindana na za duka la viatu hata usisikie unachoambiwa. Na bango kubwa kuliko yote, jekundu, lilikuwa lake mwenyewe. Alilikuta ukutani alipopanga chumba hicho, akapaka jina lake juu ya la mwingine.

"Kumbe na mimi nimo!" akasema.

Aliazima ngazi kwa fundi wa stima, akapanda na nyundo. Odongo akatoka dukani ameduwaa.

"Mathe, unafunga biashara?"

"Nashusha bango."

"Na wateja watakuonaje?"

"Kwani sasa wananiona? Zima hiyo spika unishikie ngazi!"

Odongo akacheka, akazima. Misumari ilikuwa imeshika kutu. Nangila alipiga, Odongo akavuta, Mwalimu akiwafukuza wapita njia wasiumie. Mara bango likaachia, likaanguka kwa kishindo. Vumbi likatimka. Lilipotulia, watu waliosimama kutazama wakapiga ukelele.

Dirisha! Pana, la upinde, limezungushiwa mawe ya kuchonga, vioo vyake vizima.

Nangila alishuka, akakimbilia ndani. Upande huo ukuta ulikuwa umefunikwa na plaiwudi, na taa ziliwaka mchana kutwa. Akachomeka nyundo pembeni, akang'oa ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanga ukamwagika hadi jikoni.

"Nani ametoa paa?" Trizah, mpishi wake, akatoka na mwiko mkononi.

"Ni dirisha, Trizah! Tulikuwa na dirisha miaka hii yote!"

Wakashikana mikono wakaruka kama watoto. Mwalimu Wamaitha akavuta kiti palipoangukia jua, akaagiza chai, kikombe kikubwa.

Nje kelele zilikuwa zimebadilika. Immaculate wa duka la viatu alikuwa ameshazima spika zake na kuinyakua ngazi.

"Niacheni! Pengine na mimi ninalo!"

"Ngoja zamu yako, mimi ndiye niliyeshika ngazi!" Odongo akamjibu, akiing'ang'ania.

Karani wa wakili alikataa bango lao kuguswa, na nyaya hawakuwa na ruhusa ya kuzigusa. Lakini kufikia saa nane mabango manne yalikuwa chini, waendesha boda wamesogeza pikipiki wapate kuona vizuri, na Immaculate, juu kabisa ya ngazi, alikuwa akipaza sauti kwamba anaona kioo.